Mwulizeni Wangechi Mutu kuhusu kikapu

Mhariri,

Kila msanii Wangechi Mutu anapotajwa katika kurasa zenu, habari ni ile ile: ameonyesha kazi New York, amealikwa kwenye maonyesho ya Venice, Italia, ameipa Kenya sifa. Sawa, hongera zake. Lakini msomaji humaliza makala bila kujua mama huyu anasema nini, ilhali anayoyasema yanatuhusu sisi wa huku kuliko hao wanaomshangilia.

Chukua filamu yake ya The End of carrying All, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015. Mwanamke, ambaye ni Mutu mwenyewe, anatembea nyikani na kikapu kichwani. Anavyokwenda ndivyo kikapu kinavyojaa: gurudumu la baiskeli, dishi la setilaiti, hata majumba. Mgongo unapinda, hatua zinakuwa nzito, ila hasimami. Mwishowe mzigo na mbebaji wanakuwa donge moja na ardhi inalimeza. Njia nzima hakutokea mtu wa kumtua.

Nani hapa Karatina asiyemjua mwanamke huyo? Nyanya zetu wengi wana bonde kwenye paji la uso, lililochimbwa na kamba ya kuni tangu wakiwa wasichana. Hakuna aliyewahi kuwahoji.

Tena kuna sanamu zake za 2019. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilimpa vishubaka vya ukuta wake wa mbele vilivyokuwa vitupu tangu 1902, naye akaweka humo wanawake wanne wa shaba nyeusi. Tangu kale, kuanzia Wagiriki hadi Waluba wa Kongo, wachongaji wamemchonga mwanamke akiwa amebeba: huko paa la hekalu, huku kigoda cha mtawala. Wa Mutu wameketi tu, mikono mitupu, kichwani hakuna kitu cha mtu. Habari ni hiyo, mhariri, kuliko urefu wa orodha ya miji alikopita.

Najua wapo wanaosema kazi zake zinatisha. Zile kolagi, yaani picha za vipande vilivyobandikwa pamoja, za wanawake nusu mnyama nusu mashine, alizozikata kutoka majarida ya mitindo, zinatisha kweli, na baadhi hata mimi sizipendi. Lakini filamu ya kikapu haidai digrii. Ni ya dakika kama kumi, haina mazungumzo, na mama wa sokoni ataielewa kabla ya profesa.

Kifungu cha 11 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze utamaduni kupitia sanaa, na kaunti zina idara za utamaduni. Ziombe ruhusa ya kuionyesha filamu hiyo katika kumbi zao, kiingilio bure, jioni baada ya soko kufungwa. Nanyi mpelekeni mwandishi kwenye karakana yake ya Nairobi. Amwulize kuhusu kikapu, aache bei ya kazi zake.

Mwalimu mstaafu,
Karatina