Kwa wanangu wa mionzi mnaoutaka mlango wa VA

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu zimenifikia zote, za Columbus, za Louisville, za Dallas, na ya yule aliyeniandikia usiku wa manane akitoka zamu. Swali lenu ni moja ingawa kila mtu kaliuliza kivyake: mwenye cheti cha mionzi akiona tangazo la kazi ya mammografia, yaani kupiga picha za matiti kwa mionzi, katika hospitali ya VA, idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia maveterani, wanajeshi wa zamani, aende au asiende? Mimi nimestaafu, nafasi ninayo, nawajibu wote kwa mkupuo.

Nendeni. Ila mjue mnakokwenda.

Nianze na mambo ya karatasi, maana ndiyo mnayoyaulizia sana na ndiyo mepesi. Kazi za VA ni za serikali kuu, zinatangazwa USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali hiyo, na uraia unatangulia. Asiye raia huajiriwa pale tu raia mwenye sifa anapokosekana. Wenye grini kadi, shughulikieni uraia kabla ya wasifu wa kazi. Kisha cheti cha radiografia cha ARRT, bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya mionzi, na juu yake cha mammografia. Sheria ya ubora wa mammografia ya mwaka 1992 inadai saa 40 za mafunzo na wagonjwa 25 chini ya uangalizi kabla hujaachiwa mashine. Baada ya hapo ni wagonjwa 200 kila miezi 24, na saa 15 za kujiendeleza kila miezi 36. Yupo mjuaji atakayewaambia kwamba VA haimo katika sheria hiyo. Kweli haimo, ilitolewa tangu mwanzo, lakini mwaka 1996 Kongresi iliiamuru VA iweke viwango vinavyolingana na hivyo. Kwa hiyo vipimo vya ubora wa mashine utavifanya kama wenzako wa nje, na mkaguzi atakuja.

Hiyo 200 msiipuuze. Hospitali nyingine za VA hazina wanawake wengi, na nyingine huwapeleka vituo vya nje ya VA kabisa. Siku ya usaili ulizeni wanapiga wagonjwa wangapi kwa wiki. Wakianza kukohoa badala ya kujibu, mmeshajibiwa.

Basi. Sasa tuongee ya maana.

Mliozoea CT mnajua mgonjwa analala, mashine inamzunguka, nanyi mko nyuma ya kioo. Mammografia ni ya mikono. Chukueni ile picha ya mshazari. Unamsimamisha mama ubavuni mwa mashine iliyoinamishwa, kona ya meza inaingia kwapani, mkono wake unaulaza kwenye mpini, kisha unaliinua titi kwa kiganja, unalivuta mbele na juu, unalishikilia hapo huku bamba la plastiki likishuka, na unauchomoa mkono wako mwishoni kabisa, bamba likikufuata vidoleni. Uso wako uko karibu na shingo yake. Sehemu kubwa ya shughuli hiyo umesimama mahali ambapo hakuoni vizuri.

Picha ya mshazari iliyokaa sawa inaonyesha msuli wa kifua ukiteremka mpaka usawa wa chuchu, na mkunjo wa chini ya titi uko wazi. Msuli ukiwa umelegea, titi zima linakuja mbele. Mtu akiogopa anakaza bega, bega linakaza msuli, na nyama ya nyuma iliyo jirani na mbavu inabaki nje ya picha. Uvimbe uliojificha huko hakuna daktari wa radiolojia atakayeuona, awe bingwa namna gani. Ripoti itasema hakuna tatizo, na mama atakwenda nyumbani akishukuru.

Unganisheni hilo na hili. VA huwauliza wagonjwa wake kama waliwahi kufanyiwa unyanyasaji wa kingono wakiwa jeshini, na kiasi cha mwanamke 1 kati ya 3 hujibu ndiyo. Hao ni waliokubali kusema. Mara nyingi aliyemfanyia alikuwa mwenzake wa kikosi au mkubwa wake, mtu aliyevaa sare ile ile na kula naye meza moja. Hawana alama usoni. Faili linaweza kuonyesha, linaweza lisionyeshe. Mimi nilichukulia kwamba kila anayeingia ni mmoja wao, na sikuona hasara yake.

Ndiyo maana adabu ya chumba kile naihesabu ndani ya ufundi wa picha. Kwetu mtu hupiga hodi hata kwa dada yake wa tumbo moja, na asipoitikiwa mara ya tatu anarudi alikotoka. Mwili wa mgonjwa upigieni hodi hivyo hivyo, kwa kila titi na kwa kila picha. Ruhusa ya upande wa kulia haivuki kwenda wa kushoto.

Zungumzeni naye kabla hajavua nguo. Mtu aliyevaa kanzu ya hospitali iliyo wazi mbele hana nguvu ya kubishana na wewe. Mwambieni ni picha ngapi, mikono yenu itafika wapi, bamba litabana kwa muda gani. Mwonyesheni linavyoshuka na linavyoachia likiwa tupu, asikie na mlio wa mota yake. Mwambieni kwamba akisema simama, mnaachia hapo hapo. Na akisema, achieni kweli, hata kama mlibakiza kubonyeza tu. Upande usiopigwa ufunikwe. Kumsogeza kwa kumshika kiuno hapana. Mwambie apige hatua moja mbele, anajua kutembea. Ukitaka kupita nyuma yake, sema kwanza.

Na maneno yenyewe yachungeni. “Tulia tu, mpenzi, nitamaliza sasa hivi.” Mnaona hamna ubaya. Sasa fikirini ni nani mwingine aliwahi kumwambia hivyo gizani. Mwambieni ashushe bega na atoe pumzi, inatosha, na msuli unalegea vizuri zaidi.

Akikataa siku hiyo, amekataa. Mpeni miadi nyingine, aje na mtu wake akitaka. Akianza kusimulia, sikilizeni bila kumhoji, nyinyi si wapelelezi wala si washauri nasaha. Kila hospitali ya VA ina mratibu wa masuala ya unyanyasaji wa kingono jeshini, na matibabu yanayotokana na unyanyasaji huo ni bure, hata kama mtu hakuripoti wakati ule na hana karatasi yoyote. Mjueni mratibu huyo kwa jina na kwa sura ndani ya wiki yenu ya kwanza, kabla hamjajua kantini iko wapi.

Kuna jambo ambalo wakuu wa idara hawatawaambia, kwa sababu halijawapitia. Baadhi yenu mlitoka Kivu, wengine Burundi, na mlichokikimbia kilikuwa kimevaa sare na kushika bunduki. Nawafahamu, mmekula kwangu. Hospitali ya VA imejaa kofia za vikosi, bendera, wazee wanaosimulia vita kwenye lifti. Wengi mtazoea. Wengine mtashangaa moyo unakwenda mbio bila sababu siku mgonjwa atakapoeleza alichofanyiwa. Simwambii mtu ajikaze. Kujikaza tulifundishwa tangu utotoni na tumeona kulikotufikisha. Wafanyakazi wa serikali kuu wana huduma ya ushauri nasaha kazini, ni ya siri, itumieni mapema. Na mgonjwa fulani akikurudisha kule, mwombe mwenzako mbadilishane. Hakuna anayekatwa mshahara kwa hilo.

(Yatakuwepo na ya kuchekesha. Mzee mmoja wa Navy atasikia lafudhi yako, atakuambia meli yao iliwahi kutia nanga Mombasa, kisha atakusalimia “jambo” kwa fahari kubwa. Itikia.)

Wanawake maveterani wana kidonda kingine, kidogo ila hakiponi: mapokezi kuwauliza mume alihudumu kikosi gani. Mwanajeshi ni yeye. Alikuwa fundi wa ndege, dereva wa lori Iraq, nesi wa uwanja wa vita. Kaulimbiu ya VA yenyewe, maneno ya Rais Lincoln ya mwaka 1865, ilimtaja mwanamume aliyebeba vita, mjane wake na yatima wake, na ikakaa hivyo mpaka 2023 ndipo ikabadilishwa iwahusu wote waliotumikia. Kwa hiyo muiteni kwa jina lake au cheo chake akipenda, na msidhani aliyeketi naye ndiye mgonjwa.

Wala msimwambie mwanamke wa miaka 33 kwamba bado mdogo kwa mammogramu. Kate Hendricks Thomas alikuwa mwanajeshi wa Marine, alipelekwa Fallujah, Iraq, mwaka 2005, kambi zikichoma taka kwenye mashimo ya wazi mchana na usiku, plastiki, betri na kila kitu. Mwaka 2018, akiwa na miaka 38, akakutwa na saratani ya titi iliyokwisha sambaa. Alipigania wenzake wapimwe mapema, na akafariki Aprili 2022. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Juni 7 mwaka huo huo: aliyetumikia katika maeneo na nyakati zilizotajwa humo, Iraq, Afghanistan na kwingineko hadi Djibouti hapo jirani na kwetu, ana haki ya kutathminiwa hatari ya saratani ya titi, na kupigwa mammogramu inapofaa kitabibu, bila kujali umri, dalili wala historia ya ukoo. Kwa hiyo kijana mwenye tatuu ya kikosi begani hajapotea njia kuja kwenu. Matiti ya umri huo huwa na tishu nzito na picha zake ni ngumu kusoma, basi mkao wenu uwe safi maradufu.

Tena jiandaeni kwa wanaume. Katika hospitali ya kawaida unaweza kukaa muda mrefu bila kumwona mwanamume chumbani mwako. VA watakuja, na watakuja wamenuna. Wengi wana titi lililovimba kwa sababu ya dawa, spironolaktoni ya moyo au ya ini ikiwa mshukiwa mkuu, au ini lenyewe lililochoshwa na pombe. Uvimbe wa aina hiyo hukaa nyuma ya chuchu moja kwa moja na kutandaa kama ulimi wa moto. Kile kigumu kilichokaa pembeni ya chuchu ndicho kinachotia wasiwasi. Saratani ya titi kwa wanaume ni kama 1 katika kila 100 za matiti, lakini kuna walioishi Camp Lejeune, kambi ya kijeshi huko North Carolina, ambako maji ya kunywa yalichafuliwa na kemikali za viwandani kuanzia 1953 hadi 1987, na miongoni mwao wamepatikana wanaume wenye saratani hiyo. Muulize alitumikia wapi, umwandikie daktari. Msimkalishe katikati ya wanawake wenye kanzu za waridi. Msicheke, hata yeye akianza kucheka, kwa sababu anacheka asilie. Na kumbukeni kwamba mwanaume 1 kati ya 50 anayeulizwa swali lile la unyanyasaji naye hujibu ndiyo. Wanaume VA ni wengi mno, fanyeni hesabu.

La kitabibu moja nisilisahau. Aliyeumia uti wa mgongo juu, kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, huenda asisikie bamba likimbana, ila mwili unasikia. Akianza kutoka jasho usoni, kichwa kinamgonga, shinikizo la damu linapanda, achieni bamba mara moja, aketi wima, na iteni msaada. Wa kiti cha magurudumu atengewe muda mrefu zaidi kwenye ratiba, na ratiba ikikataa, gombaneni nayo.

Mabega yenu nayo ni mali. Pandisheni na shusheni mashine imfuate mgonjwa, msijipinde nyinyi, maana mkono wa kuinua matiti kutwa nzima hulipa baadaye.

Mapendekezo ya kitaifa ya mwaka 2024 yanasema mammogramu kila miaka miwili, kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. Wapo kati yenu waliopita 40 na bado wananiambia wako bize. Huyo asinijibu barua hii mpaka awe ameweka miadi, na picha ya miadi anitumie.

Mama yenu mstaafu