Risala ya Kikundi cha Usafiri, Shehia ya Makangale, Pemba, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, masheha wa jirani, walimu, wazee wetu na vijana, Assalaam alaykum.

Kwa furaha isiyo kifani tunakukaribisha katika hafla ya kufunga mafunzo ya kutetea usafiri wa umma. Umepita msitu wa Ngezi, na njia umeiona mwenyewe.

Kikundi kilianzishwa na akina mama waliochoka kusubiri gari Konde, upande wa pili wa msitu. Mafanikio yetu ni makubwa mno. Wanachama sasa wanajua masharti ya leseni ya njia, wanaandika nambari ya gari na saa iliyopita, na wanasimama mkutanoni wakasema bila kutetemeka. Banda la abiria la miti na makuti tumelijenga kwa nguvu zetu wenyewe.

Mheshimiwa, shida yetu ni moja: gari zinakatisha ruti Konde. Jua likianza kuzama utingo anagonga bodi, "mwisho hapa", na abiria wa Makangale anateremshwa na tenga lake la samaki. Mwenye pesa anapanda bodaboda. Asiyekuwa nazo anaukata msitu kwa miguu, gizani. Mjamzito mwenye miadi ya asubuhi hospitali ya Wete inambidi akalale kwa jamaa Konde siku moja kabla. Tunaambiwa barabara mbaya. Mbona wageni wanaokwenda kuutazama mnara wa taa ya meli wa Kigomasha, uliojengwa mwaka 1900, wanapita mbele ya banda letu na gari zao za kukodi?

Tunawashukuru wageni rasmi waliokutangulia. Mmoja alituahidi gari mbili kabla ya mfungo, na Ramadhani imeshapita zaidi ya mara moja. Mwengine aliipokea barua yetu kwa mkono wake, tukampigia makofi. Nakala tunayo, jibu hatujaliona. Hatusemi haya kwa ubaya, Mheshimiwa, ila banda letu liko tupu mpaka leo.

Hatuombi gari mpya. Tunaomba gari yenye leseni ya kufika Makangale ifike Makangale, alfajiri na baada ya magharibi, na dereva anayekatisha ruti achukuliwe hatua. Tunakukabidhi daftari letu lenye tarehe, saa na nambari za gari. Tunakuomba pia, kabla hujaondoka, ututajie siku ya kutuletea jibu, na Sheha aiandike hapa mbele ya watu wote.

Ahsante kwa kutusikiliza. Wabillahi tawfiq.