Mdogo wangu, soma Nana kabla hujakata tiketi

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na habari nayo imenifikia: mchumba amepata nafasi kwenye bendi kubwa ya mjini, nawe unataka kumfuata. Mama keshasema yake, shangazi naye keshasema yake, na mambo ya mahari mimi simo. Nakuomba kitu kimoja, usome Nana.

Cheka kwanza, ndiyo, dada yako mtu mzima anasoma vibonzo vya Kijapani. Ai Yazawa alianza kuichora mwaka 2000 katika jarida la Cookie, na madukani huwekwa kwenye rafu ya mapenzi. Mapenzi yamo, tena yale ya kukosesha usingizi. Ila karibu kila anayependwa humo ana kazi ya sanaa, na kazi hiyo ni kama mke mwenza: imeshafika nyumbani kabla yako, na haina mpango wa kuhama.

Nana Osaki ni mwimbaji wa bendi ya panki, ile roki ya makelele, iitwayo Black Stones. Anaishi na Ren, mpiga besi wao. Siku moja Ren anaitwa Tokyo akapige gita katika bendi ya Trapnest. Nana anamsindikiza mpaka stesheni, na treni inaondoka yeye kabaki. Hawakugombana. Anampenda hadi anaumwa. Lakini anajua akienda atakuwa mtu wa kupika na kusubiri mwenzake arudi kutoka studio, naye anataka kuimba. Anakwenda Tokyo baadaye, akiwa na miaka 20, kwa tiketi yake na kwa shughuli zake.

Ndani ya treni ya safari yake hiyo anakaa na msichana wa rika lake, naye anaitwa Nana. Huyu wa pili, Nana Komatsu, anamfuata mpenzi wake, Shoji, anayesoma chuo cha sanaa. Usinune, lakini huyu ndiye wewe. Shoji si mtu mbaya. Ana masomo, ana kazi ya mgahawani, anarudi kachoka, na huko huko mgahawani anampata mwingine anayeijua ratiba yake kuliko mpenzi aliyevuka nchi kumfuata. Nilichokipenda ni kwamba Yazawa hamcheki Komatsu. Sehemu kubwa ya hadithi tunaisikia kwa sauti yake, anamsimulia Nana Osaki miaka ikiwa imekwenda.

Halafu kuna Takumi, kiongozi wa Trapnest. Simpendi hata kidogo, na kurasa zake ndizo ninazozirudia. Anatunga, anasimamia, anapanga kila kitu, na wanawake anawakumbuka akipata nafasi. Ukitaka kazi ifike mwisho, mpe Takumi. Ukitaka mume, Mungu akusitiri. Wengi wanamwona shetani wa hadithi. Mimi naona Yazawa kamchora kwa haki mno, maana watu wa namna hiyo ndio wanaolisha bendi nzima, na kila aliyewahi kukaa studio anamjua mmoja.

Nana Osaki na Ren wanarudiana Tokyo, kisha magazeti ya udaku yanawapiga picha. Hapo ndipo kampuni ya muziki inapoharakisha kuizindua Black Stones, wakati jina lingali la moto. Hebu fikiria. Alikataa kupanda treni ili asiwe mwanamke wa Ren, na mlango wa ustaa unamfungukia kwa jina hilo hilo. Anaimba, anajaza kumbi, na pumzi zinaanza kumbana. Yanayofuata sikwambii.

Nikuonye mapema: mwisho hakuna. Yazawa aliugua mwaka 2009, na hadithi imesimama kwenye juzuu ya 21. Filamu ya 2005 na katuni ya runinga iliyoanza 2006 nazo zinaishia njiani. Wapo wasomaji wanaomdai kama fundi aliyekula arubuni akaingia mitini. Mimi sithubutu. Mtu amechora kwa miaka hiyo yote jinsi kazi inavyoitafuna miili ya wanaoipenda, halafu mwili wake ukakataa, na bado tunamgongea mlango tukitaka juzuu ya 22!

Kurasa zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, utazoea upesi. Habari ya stesheni imo kwenye juzuu ya kwanza. Ya Shoji itakuchukua hadi ya tatu. Ukifika hapo nipigie. Sitakuuliza kama bado unampenda, hilo najua. Nitakuuliza ukiondoka nani ataimba kwenye bendi yenu, na kama huyo mchumba wako amewahi kukuuliza hivyo.

Dada yako