Mkija Mbeya, kuleni mkiteremka

Mbeya, 4 Mei

Kwako Mama Shufaa, shoga yangu wa Tanga,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi wazima, ila baridi imeanza kubisha hodi na bado hata Juni haijafika. Ujumbe wako nimeusoma, ule wa kwamba shule zikifungwa mnakuja, mnalala Mbeya usiku mmoja "kuona mji", halafu alfajiri mnawahi Kasumulu kuvuka kwenda Malawi kwa wifi yako. Nimeona simu haitatosha. Haya ni ya kusoma ukiwa umekaa, na shemeji naye asomewe, maana dereva ni yeye na akishashika usukani huwa hasimami.

Niseme ukweli wangu kwanza: mji wenyewe si wa kuona. Nasema hivyo na ndio nauishi. Mbeya ni jiji la kazi. Barabara kuu ya Zambia imepita katikati, malori ya Tunduma hayalali, na kila mtu ana gunia la kitu analipeleka mahali. Mkitafuta majumba ya kale kama yenu ya Tanga mtarudi mikono mitupu. Mji huu ulianza kukua miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na nyumba za zamani zilizobaki pale Uhindini mnazimaliza kabla soda haijapata moto.

Kilicho kizuri Mbeya ni kuteremka kutoka Mbeya. Hapa mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari. Mkitoka Uyole, ukingoni mwa jiji, barabara inapanda kwanza mpaka Isongole kwenye viazi na ukungu, kisha inaanza kushuka: Kiwira, Tukuyu, mashamba ya chai, migomba, kakao, mpunga, mpaka Ziwa Nyasa ambalo liko chini ya mita 500. Kutoka hapa hadi Kyela hazifiki kilomita 150, lakini kila mnaposhuka chakula kinabadilika na nguo inavuliwa moja. Na barabara hiyo ndiyo hiyohiyo ya kwenda Kasumulu! Yaani mlikuwa mpite katikati ya vitu vyote hivi kwa mwendo wa kuwahi mpaka. Hapana. Mlale kwangu usiku mmoja, Tukuyu usiku mmoja, Matema mawili, ndipo mvuke.

Safari ya kuja msiilazimishe siku moja. Kutoka Tanga ni karibu kilomita 1,000, laleni Iringa. Mikumi shemeji apunguze mwendo, barabara inapita ndani ya hifadhi na ukigonga mnyama unalipa. Ruaha Mbuyuni nunueni vitunguu, vya pale vinasifiwa kwa haki. Mlima Kitonga msipande nyuma ya lori mkiwa na haraka. Basi, mengine mtayaona wenyewe.

Mkifika, siku ya kwanza nawapeleka Mwanjelwa. Soko la zamani liliungua mwaka 2006, likajengwa jipya la ghorofa, lakini raha ya Mwanjelwa iko nje, kwenye mitumba na vyakula vilivyomwagwa chini. Masweta na majaketi msihangaike kuyabeba kutoka Tanga, huko mtauziwa ghali kitu ambacho mwenye duka mwenyewe hajui kinavaliwaje. Hapa mnachagua kwenye rundo. Na mtayahitaji: Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na mchana ukikaa kivulini unatafuta jua lilipo. Watoto wavishwe soksi hata wakilala.

Sokoni mtaona viazi mviringo vya kila aina, mahindi mabichi, maharage ambayo Dar wanayapimia kwa kijiko, na maparachichi ya Rungwe ambayo siku hizi yanapandishwa ndege na meli kwenda Ulaya. Wauzaji wengi wa viazi na mahindi ni Wasafwa na Wamalila wa hapa milimani, sisi Wanyakyusa tumeshuka na ndizi na mchele. Mchele msinunue hapo. Najua Tanga mnauziwa "Kyela" kila siku, na nikiufikiria ukubwa wa Kyela naona mchele ule ungekuwa umeshalisha Afrika nzima. Mchele mzuri wa Mbarali nao unavaa jina la Kyela ukifika pwani, wala si mbaya, ila mnunuzi alipe akijua. Subirini mfike Kyela kwenyewe, na mtakuwa mmekuja wakati mpunga mpya unaingia sokoni.

Kuhusu kula, usiwe na wasiwasi. Kitimoto kipo kila kona, sitakudanganya, na shemeji atakisikia harufu kabla hajakiona. Lakini Waislamu wapo na migahawa yao ipo, na nyumbani kwangu kuku atachinjwa na jirani yetu ambaye ni mtu wa msikitini. Sufuria nina mapya, sijayapikia kitu. Usiku huo mtakula ugali wa mahindi ya huku na maharage ya nazi niliyofundishwa na wewe. Kesho yake ndiyo tunaanza mambo.

Watu watawaambia mpande mlima. Loleza, huu ulioinamia mji, una zaidi ya mita 2,600, na kilele cha Mbeya kimezidi 2,800. Kwa watoto wenu sioni sababu. Nguvu zao tuzihifadhi kwa ajili ya Ngozi.

Ngozi ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano iliyolala, upande wa kulia mkishapita Uyole, kabla ya kufika Kiwira. Mnaacha lami, mnafika kijijini, mnalipa kiingilio, mnapewa mwongozaji, halafu mnaingia msituni kwa miguu. Mwanzo njia ni ya kutembea tu na kupiga hadithi. Mwisho inasimama. Pale mtashika mizizi na mianzi, na kama jana yake ilinyesha mtateleza hata muwe na viatu gani. Vaeni raba zenye meno, msije na sandozi za Tanga. Halafu ghafla miti inakwisha, mko kwenye ukingo, na chini kabisa, kama mita 200, kuna maji ya kijani yaliyotulia, urefu kilomita mbili na nusu, yamezungukwa na kuta za msitu pande zote, na hakuna mto hata mmoja unaotoka humo. Wazee wana hadithi zao kuhusu ziwa lile, na mwongozaji atawasimulia hata msipomuuliza. Ukungu unaweza kuwakuta huko juu msione kitu. Ndiyo maana nataka tuondoke nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, maana mara nyingi asubuhi huwa kweupe zaidi.

Mkirudi barabarani mtakuwa na njaa ya kweli, na hapo Isongole kuna viazi vya kuchemsha na mahindi ya kuchoma kando ya njia. Msile mkashiba. Ndizi ziko mbele.

Kutoka hapo Mlima Rungwe utakuwa kushoto kwenu, karibu mita 3,000, na msitu wake ndimo anamoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 kana kwamba ameshuka jana kutoka mbinguni. Wawindaji wa kwetu walikuwa na jina lake siku zote, na ndilo hilo alilobaki nalo. Kumwona msitegemee, anakaa juu na hapendi wageni.

Kiwira mnakata kulia kwenda Daraja la Mungu. Ni mwamba wa lava uliopoa ukiwa juu ya Mto Kiwira, maji yakapita chini yake, likabaki daraja ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Mwambie Shufaa mkubwa, yule anayesema anataka kuwa injinia, alitazame vizuri. Mbele kidogo, eneo la Chuo cha Magereza, kuna Kijungu, ambapo mto mzima unaingia kwenye tundu la mwamba unazunguka kwa ngurumo. Pale watoto washikwe mikono. Nasema washikwe, si waitwe.

Tukuyu tutafika jioni, na kama hainyeshi mjue mna bahati, maana Tukuyu inanyesha hata wakati kwingine kote kumekauka. Ndipo kwetu. Wajerumani walijenga boma lao pale wakauita mji Langenburg Mpya, lakini hakuna bibi wa Kinyakyusa aliyejisumbua kulitamka. Tutalala kwa mama. Mkifika mtasikia "Ugonile", na ninyi mjibu "Ndaga", basi mmeshakuwa wenyeji na kiti mtapewa. Wanaume wakubwa watasalimiwa kwanza, msishangae, na shemeji asikatae chochote atakachopewa mkononi.

Mama atapika mbalaga, ndizi zetu za kupika, pamoja na maharage na maziwa. Najua ninyi wa pwani ndizi mnaitia nazi na sukari mkaifanya kama halua. Hii ni chakula cha kazi, inaliwa ya moto, na ukiona imekauka unaongeza mtindi. Asubuhi ni chai ya maziwa yaliyokamuliwa nyuma ya nyumba, na majani ya chai yanatoka kwenye vilima mtakavyoviona mkifungua mlango. Nendeni mkatembee kwenye chai umande ukikauka, mimi nitawasubiri. Mkirudi na nguvu, kuna maporomoko ya Kaporogwe, maji yanaanguka na unaweza kusimama nyuma yake ukalowa vizuri. Mama atataka mbaki siku ya tatu. Mkatalieni kwa heshima, vinginevyo Malawi hamfiki.

Kutoka Tukuyu hatufuati lami. Tunachukua njia ya Masoko, ambako kuna ziwa jingine dogo la volkano na jengo la Wajerumani pembeni. Watu wanasema walipokuwa wanakimbia vita ya kwanza ya dunia walitupa fedha majini. Wanaozitafuta bado wapo. Halafu Ipinda, na joto linaanza. Masweta yanavuliwa garini, vioo vinashushwa, kandokando ni kakao, michikichi na mpunga. Mle maharage yaliyoungwa kwa mawese hata mara moja tu.

Matema ndiyo mwisho wa njia, na ndipo nataka mkae. Ziwa mbele, Milima ya Livingstone imesimama wima kushoto hadi majini, mchanga safi. Watoto wataonja maji watakuambia hayana chumvi, nawe utakuwa na la kuwaeleza. Nyumba za wageni za kanisa zipo karibu kabisa na maji, wekeni nafasi mapema. Wakati huo upepo wa kusini unavuma, huo ambao kwenu ni kusi, mchana mawimbi yanavimba, basi kuogelea kuwe asubuhi. Karibu na midomo ya mito msioge, kuna mamba. Na vyandarua msisahau, mbu wa Kyela hawana mchezo wala hawajui kama wewe ni mgeni.

Jitahidini siku moja ya Matema iwe Jumamosi. Hapo Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu, kuna soko la vyungu. Wakina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyembamba, vyepesi, vimechorwa vizuri kwa udongo mweupe na mwekundu. Nunua kile cha wastani chenye mdomo mpana, mboga ndani yake haiungui upesi. Kisha tuagize samaki wa ziwani aitwaye mbasa achomwe, wali wa Kyela uive pembeni, na hapo ndipo utajua huo mnaouziwa Tanga ni mtoto wa nani. Mkifika Malawi wifi yako atawaambia lile ni Ziwa Malawi. Msibishane, kuleni samaki.

Umeniuliza pia habari za Hifadhi ya Kitulo. Ni pazuri kuliko ninavyoweza kusema, lakini maua yake ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Juni mtakuta nyasi na baridi ya kuwaliza watoto. Kimondo cha Mbozi nacho kiko upande wa Tunduma, chuma cha angani chenye tani zaidi ya kumi, ila kwa safari hii ni kurudi nyuma. Shemeji akishikilia sana, mwongeze siku moja ya kupumzika kwangu, yeye aende peke yake, arudi kabla ya giza.

Nijulishe tarehe kamili ili mama aweke ndizi zikomae. Na njooni na nazi, hata gunia, maana zinazofika huku zimeshachoka na safari, na yale maharage nimekuahidi.

Wako,
Mama Tumaini