Risala ya mafundi wa nyuzi za kaboni kwa Mgeni Rasmi, Kirumba, Mwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wazazi, mafundi wenzetu, majirani, na watoto mliokaa juu ya mawe kule nyuma,

Mwangaluka.

Kabla ya yote tunaomba radhi: ndege haipo. Tangu juzi habari zimezagaa kutoka hapa Kirumba mpaka Mwaloni kwamba vijana wa faiba wameunda ndege, na kwamba leo wewe ungepanda ukazunguka juu ya ziwa. Tunaona hata kina mama wa dagaa wameacha meza zao wakaja. Kilichopo mbele yako ni boneti moja ya injini, vifuniko viwili vya magurudumu na kiti kimoja kisicho na mto. Vyote vinne mtoto wa darasa la nne anavibeba kwa safari moja, tena akiimba. Hicho ndicho tulichokuitia.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni mafundi tisa, na kazi iliyotulea ni boti za faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa rezini, gundi ya majimaji inayokuwa ngumu: kuziba nyufa, kujenga upya pua iliyogonga mwamba, kufunika mbao zilizoanza kuoza. Boti haina makuu kwenye uzito. Ukiizidishia kilo tano za rezini, sangara hawatalalamika, na mwenye boti atakusifu kwamba umeijaza vizuri. Kwa tabia hiyo ndivyo tulivyopokea kazi ya mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, anayeunda kwa mikono yake ndege ya viti viwili katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Jina lake ametuomba tulihifadhi, maana uani kwake tayari hakupitiki kwa watazamaji. Alituuliza kama tunaweza kumtengenezea boneti ya kaboni, yaani ya kitambaa cha nyuzi nyeusi za kaboni badala ya za kioo. Tukamjibu ndiyo, bila shaka. Kaboni yenyewe tulikuwa hatujawahi kuishika.

Mtu kuunda ndege nyumbani si kichaa kipya. Kule Marekani waungwana wa kazi hii wana chama chao cha waunda ndege, EAA (Experimental Aircraft Association), kilichoanzishwa mwaka 1953, na tangu mwaka 1970 mkutano wao mkubwa umekuwa ukifanyika Oshkosh, mji ulio kando ya ziwa kama huu wetu. Ziwa lao ni dogo, lakini hilo tuliache. Huko ndiko mzee alikopata hamasa, hasa kwa kazi za Burt Rutan, Mmarekani mbunifu wa ndege. Mwaka 1975 Rutan alirusha VariEze, ndege ambayo mtu aliweza kuiunda gereji kwa kukata foma ngumu, povu jepesi lililokauka kama la kufungashia vyombo, kwa waya wa moto, kisha kuifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, bila kalibu yoyote ya kulipa umbo. Mwaka 1986 ndege yake nyingine, Voyager, ilizunguka dunia kwa siku tisa bila kutua wala kuongeza mafuta. Mwili wake ulikuwa wa kaboni, na bila injini ulikuwa na kilo 430 hivi tu, ilhali ilianza safari na zaidi ya tani tatu za mafuta tumboni. Mzee hututajia namba hizo kila tunapochovya brashi.

Sasa tuseme ukweli wa boneti ya kwanza. Tuliitengeneza kwa siku mbili, iking'aa kama kiatu cha harusi. Mzee akaiangalia, akaazima mizani ya dagaa, akaiweka juu. Ikawa nzito kuliko boneti ya nyuzi za kioo ambayo hii yetu ilikuja kuirithi. Hakusema neno. Alichukua mizani akairudisha kwa mwenyewe, nasi tukabaki tunatazamana.

Kosa lilikuwa mkononi mwetu. Uzi wa kaboni una gramu 1.8 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, wa kioo 2.5, na aluminiamu 2.7. Lakini faida kubwa haipo hapo. Kaboni inakataa kupinda mara tatu hivi kuliko nyuzi za kawaida za kioo, kwa hiyo unaweka tabaka chache zaidi, na uzito unapungua kwa zile tabaka ambazo hukuziweka. Sisi tuliweka tabaka zile zile za boti, kisha tukazimwagia rezini mpaka kitambaa kikaogelea. Rezini ikishalowesha nyuzi na kuzishikanisha imemaliza kazi. Inayobaki juu ni abiria asiyelipa nauli.

Tukaanza upya. Kitambaa kinapimwa kikavu, rezini inapimwa, na uzito wa rezini haupiti wa kitambaa. Mabinti wawili waliotokea kwenye cherehani ndio waliotuokoa kwenye kukata. Wanaume tulikuwa tukikata kitambaa kimenyooka, kinagoma kwenye kona za kalibu na kufanya mikunjo. Wao wakakikata mshazari, kama wanavyokata sketi, kikalala chenyewe. Katikati ya tabaka mbili nyembamba tunaweka foma, kwa sababu ngozi mbili zilizotenganishwa hupinda kwa shida kuliko ngozi hizo hizo zikiwa zimebanana. Juu yake inakuja nailoni ya kubandua, kisha kitambaa cha kunyonya rezini iliyozidi, kisha karatasi ya plastiki iliyozibwa pande zote, na pampu ya kufyonza hewa. Pampu yetu ni kompresa ya friji mbovu. Inanguruma, lakini inafyonza.

Na hapa, Ndugu Mgeni Rasmi, ndipo tulipopoteza wiki mbili. Vitabu vinasema mshale wa geji, unaoonyesha hewa iliyofyonzwa, ufike karibu na inchi 30 za zebaki, ambacho ni kipimo cha mkandamizo wa hewa. Wetu ulifika 26 ukagoma. Tulipaka sabuni kutafuta panapovuja. Tulibadilisha gundi ya kuzibia. Tuliilaumu kompresa, na tuseme tu, tulimlaumu na mwenzetu mmoja aliyeifunga, yupo hapa, tunamwomba radhi mbele yenu. Hapakuwa na tundu. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Mwanza ipo kama mita 1,140 juu ya bahari, na hewa yetu ni pungufu. Usawa wa bahari hewa inakandamiza tani kumi na ushei kwenye kila mita moja ya mraba. Hapa inakandamiza karibu tani tisa. Pampu haivuti mfuko, inaondoa tu hewa ya ndani, kisha hewa ya nje ndiyo inayokandamiza. Fundi wa Mwanza hawezi kukandamizwa na hewa ya Dar es Salaam. Tani tisa zinatosha. Boneti ya tatu, hii unayoiona, ilipopanda mizani mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Mambo mengine ziwa lenyewe limetufundisha. Jioni fulani wale wadudu wadogo wanapanda kutoka majini kama moshi, wanafuata taa, na wakikuta rezini mbichi wanatua. Kifuniko kimoja cha gurudumu kina wadudu ndani yake hadi leo, ukikiinua juani utawaona. Siku za mvua unyevu unaifanya rezini itoe utelezi juu, na tabaka linalofuata halishiki mpaka uoshe na kupiga msasa. Kwa hiyo tunafanya kazi asubuhi. Pia rezini ikichanganywa nyingi kwenye kopo moja inajichemsha yenyewe, inatoa moshi, inaganda ikiwa bado mkononi. Tumeunguza ndoo mbili.

Vumbi la kaboni linawasha ngozi na haliachi mapafu salama. Tena linapitisha umeme: limeingia kwenye grinda yetu, grinda ikafa kwa cheche. Kaboni ikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu huliwa, ndiyo maana kila panapofungwa bolti tumelaza kwanza kitambaa cha kioo. Na boneti hii nyeusi iliyokupendeza itapakwa rangi nyeupe, tunajua itawahuzunisha vijana. Kitu cheusi kwenye jua la Mwanza kinapata joto la kulegeza rezini iliyogandia kwenye joto la kawaida la chumbani. Kwa sababu hiyo hiyo tunaioka pole pole ndani ya sanduku la plaiwudi lenye balbu, na upande wa ekzosi tumeweka karatasi inayorudisha joto.

Mabawa hatugusi. Tunalisema hili kwa sauti ili lifike mpaka kule Mwaloni. Bati la aluminiamu likizidiwa hupinda kwanza, likakupa nafasi ya kuona. Kaboni inakaa kimya, kisha inakatika. Fundi anayejifunza hana ruhusa ya kujifunzia penye kumbeba mtu angani. Hata boneti hii haitaruka mpaka mzee amalize safari yake na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, apate usajili wake wa 5H, alama ya ndege za Tanzania, na ruhusa ya kuruka. Akikataliwa, tutakuwa tumetengeneza boneti nzuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu si ya kununuliwa mashine kubwa. Tunaomba mizani inayosoma gramu. Tunaomba chumba chenye mlango na wavu madirishani, kwa sababu zilizo ndani ya kile kifuniko. Tunaomba barakoa za kweli za vumbi, si zile za kitambaa. Na tunaomba utusaidie kuzungumza na wanaoleta rezini mjini. Mzigo wetu mmoja ulilazwa juani kwenye yadi ya msafirishaji wiki nyingi, ukatufikia ukiwa umepitwa na tarehe, na hakuna aliyekubali kuwa kosa ni lake. Tulilipa mara mbili. Wajenzi wa boti wa pwani hii wanatumia rezini pia, na wako tayari tuagize pamoja, lakini wanataka mtu wa kuwaita kikao kimoja. Wewe ukiwaita watakuja.

Mwisho, tunaomba uinyanyue boneti kwa mkono mmoja, halafu uiweke mwenyewe kwenye mizani ili wote waone. Tunaomba ufanye hivyo sasa, kabla ya soda, kwa sababu mizani hiyo ni ya kuazima na mama wa dagaa anaitaka kabla ya saa sita.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya mafundi.