Kabla ya Kusema Una Mba, Tazama Unachooshea Nywele

Wateja wetu wengi hapa Dar es Salaam hufika saluni wakilalamikia mba, ilhali tukizigawa nywele tunakuta mabaki meupe ya sabuni yaliyogandia kwenye mashina. Mara nyingi chanzo ni sabuni ya mche na maji ya kisima. Maji hayo huwa na kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ikikutana na madini hayo hufanya utando usioyeyuka, ule ule unaoganda kwenye kingo za beseni la kufulia. Shampuu haifanyi utando huo kwa kuwa visafishaji vyake si sabuni: huyashika mafuta na uchafu, kisha huondoka navyo unaposuuza.

Sabuni ya mche pia ina alkali nyingi, ambayo hufungua magamba ya unywele, nywele zikakwaruzana na kukatikia kwenye kitana.

Shampuu ni ya ngozi ya kichwa kuliko nywele zenyewe. Lowesha nywele vizuri, paka shampuu kichwani, usugue kwa ncha za vidole bila kucha, na uliache povu lishuke lenyewe hadi mwisho wa nywele. Ukiona povu dogo mara ya kwanza, hasa kama ulipaka mafuta mengi, usiongeze shampuu. Suuza, kisha rudia. Kwa nywele zetu za kipilipili, kuosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili kunatosha, na kondishona ifuate. Aliyesuka aichanganye shampuu na maji, aimimine kwenye mistari, kisha akaushe kabisa, kwani rasta zikibaki mbichi hutoa harufu ambayo manukato hayaifichi.

Anayeweka dawa ya kulainisha asikubali kusuuzwa kwa maji matupu. Ipo shampuu maalumu ya kuizima dawa, na aina nyingi hutoa povu la waridi dawa ikiwa bado imo. Sisi hurudia mpaka povu liwe jeupe.

Mba halisi huhusiana na fangasi wa ngozi, na hutibiwa kwa shampuu yenye ketokonazoli (dawa ya fangasi), inayoachwa kichwani kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuzwa. Ukitaka tukutazame, njoo bila kupaka mafuta siku hiyo. Tukiona vidonda au mapunye, tutakushauri umwone daktari wa ngozi kabla hatujakugusa.