Hesabu Kabla ya Wavu: Risala kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Sayansi, Kisumu

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, wazee wa BMU, kamati ya kusimamia ufuo, mliotoka Dunga, na wanafunzi wenzetu: hamjambo.

Sisi wanachama wa chama cha sayansi tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Wewe ni mtafiti wa samaki, kwa hivyo hatutajaribu kukufundisha habari za Ziwa Victoria. Muhula huu tumesoma habari za bahari zilizo kwenye ncha za dunia. Wapo walioguna. Watoto wa Kisumu, ambao barafu wanayoijua ni ile ya kuhifadhia mbuta (sangara), Antaktika inawahusu nini? Turuhusu tuwajibu mbele yako.

Katika bahari ya Antaktika kuna krili, kiumbe wa jamii ya kamba asiyezidi kidole kwa urefu. Nyangumi, sili na pengwini wanamtegemea. Meli nazo humvua ili apatikane mafuta na chakula cha samaki wa kufugwa. Kufikia miaka ya 1970, meli zilikuwa zimevua baadhi ya samaki wa South Georgia karibu kuwamaliza, na ikahofiwa kwamba krili ndiye angefuata. Ndipo ukatiwa sahihi mkataba wa kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika, mwaka 1980, ulioanza kutumika mwaka 1982. Tume yake ina makao mjini Hobart, Australia. Wanaouandama mkataba huo hawaishii kuuliza ni krili kiasi gani avuliwe. Huuliza pia wanaomla watabakiwa na nini.

Kwa upande wa Atlantiki ya kusini, kiwango cha juu kilichokadiriwa kisayansi kilikuwa tani milioni 5.61 kwa mwaka. Nchi wanachama hazikukimbilia kuzivua zote. Zilikubaliana kusimama kwenye tani 620,000 hadi pawe na njia nzuri ya kuugawa uvuvi kwa maeneo madogo. Sababu ni kwamba pengwini anayelea makinda hawezi kwenda mbali kutafuta chakula. Meli zikijazana mbele ya kituo chake, krili waliojaa kwingineko hawamfai kitu. Tungependa kusema mambo yamebaki shwari, lakini utaratibu wa kuutawanya uvuvi huo ulimalizika mwaka 2024 bila nchi kuafikiana kuuendeleza. Tume huamua kwa kauli moja, na nchi moja ikikataa, jambo hukwama.

Kwenye Aktiki, bahari ya ncha ya kaskazini, walienda mbali zaidi. Mwaka 2018, nchi tisa pamoja na Umoja wa Ulaya zilitia sahihi mkataba wa kutovua kibiashara katikati ya bahari hiyo, mahali ambapo hapakuwa na uvuvi bado. Ulianza kutumika mwaka 2021, na kipindi chake cha kwanza ni miaka 16, huku utafiti wa pamoja ukiendelea. Hapo ndipo tulipobishana sana chamani, maana ni rahisi kukiacha kitu ambacho hakuna anayekitegemea kwa chakula cha jioni.

Kwetu hali ni tofauti. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwa letu, zikapotea kabla hata ya kupewa majina ya kisayansi. Uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na miezi hiyo kuna nyumba ambazo karo huchelewa. Sisi tunaunga mkono kufungwa huko. Hata hivyo, mvuvi anayeambiwa aanike wavu ana haki ya kuonyeshwa hesabu iliyofanya aambiwe hivyo.

Ndiyo maana Jumamosi huwa tunashuka ufuoni kupima urefu na uzito wa ngege (tilapia), kwa rula na mizani ya jikoni. Vipimo vyetu ni vya kubahatisha kidogo, na ombi letu la kwanza linatokana na hilo: tupatie mizani ya kuaminika na mtu wa kutufundisha kuchagua samaki wa kupima, kwani tunashuku tunachagua wale wakubwa.

Ombi la pili si letu. Wazee wa BMU wametutuma tukuulize kwa nini watafiti huja kupima samaki ufuoni kwao, lakini matokeo hayarudi, wala kwa Kiswahili wala kwa Dholuo. Wameketi safu ya pili, upande wa kushoto, na wangependa kuzungumza nawe wakati wa chai.

Asante sana.

Ni sisi, wanachama wa chama cha sayansi.